Siku nne kwa tanga, Lamu hadi Kiwayu: kwa nini saa ya kuondoka hupangwa na maji

Sisi tunaosafirisha wageni kwa mashua, swali tunaloulizwa zaidi kwenye simu ni hili: "Kaka, tunaondoka saa ngapi?" Mteja yuko Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Ameshaomba ruhusa kazini, ameshawakusanya wenzake, na anataka ratiba iliyonyooka: Ijumaa saa mbili asubuhi tuko hapa, Jumamosi saa sita tuko pale. Anayelipa pesa zake ana haki ya kujua atakachopata. Hata hivyo hatumjibu papo hapo. Tunamuuliza tarehe kwanza, kisha tunatazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani pamoja na jedwali la maji, ndipo tunaposema. Akibadilisha tarehe, saa nayo inabadilika, na pengine hata upande tutakaoanzia.

Wapo wanaoona huko ni kuzunguka mbuyu, wakatafuta mtu mwingine atakayewapa saa moja kwa moja. Tungependa mteja wetu aelewe kazi inavyokwenda kabla hajatuma malipo, kwa sababu anayeielewa hufurahia safari zaidi, tena huchagua tarehe nzuri kuliko ambayo tungemchagulia sisi.

Safari yenyewe hutoka mji wa Lamu au Shela, hupita kati ya kisiwa cha Manda na bara, huingia Ghuba ya Manda, hufuata upande wa ndani wa kisiwa cha Pate, na huishia Kiwayu, kisiwa kirefu chembamba kilicho ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Ni kiasi cha kilomita 50. Mashua iliyopata upepo mzuri wa tezi, yaani wa kutoka nyuma, huzimaliza kwa saa tano au sita. Lakini njia ina kona nyingi, na si kila mahali pana maji ya kutosha kila saa.

Maji

Kati ya Manda na bara pana mlango uitwao Mkanda. Ni mwembamba, una mikoko pande zote mbili, na maji yakipwa kina hubaki kidogo mno kwa chombo kilichobeba watu, magodoro, madumu ya maji na makaa. Nahodha huupita maji yakiwa yamejaa au yangali yakijaa. Akichelewa hupwelewa. Mashua iliyopwelewa hukaa kwenye tope hadi maji yarudi, na hilo huweza kuchukua saa sita au zaidi, jua likiwa utosini, na jioni mbu wakitoka mikokoni. Injini haimsaidii mtu hapo, kwa maana propela haizunguki kwenye tope. Upondo, mti wa kusukumia chombo, nao husaidia mwanzoni tu, wakati chombo bado kinaelea kidogo.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini mzunguko huo huchukua siku moja na kama dakika 50. Ratiba inayonyooka huvunjwa na hizo dakika 50. Leo yakijaa saa moja asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa mbili, na keshokutwa karibu na saa tatu. Tena maji hayajai kwa kiasi kimoja mwezi mzima. Wakati wa bamvua, siku za mwandamo na za mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1. Mlango ambao wakati wa bamvua mashua huupita bila wasiwasi, wakati wa maji mafu nahodha huupita akiwa amemweka baharia mmoja omo, yaani mbele ya chombo, apime kina kwa upondo.

Kuna jambo jingine ambalo kila mvuvi wa pwani hii analijua na kila mgeni hulishangaa: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Ni hivyo kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa saa za saa nne na kupwa saa za saa kumi. Kwa hiyo mgeni anayechagua siku ya mwezi mpevu ana njia mbili. Ama tung'oe nanga alfajiri kungali giza, ama tusubiri hadi alasiri na kulala Ghuba ya Manda usiku wa kwanza. Zote mbili ni njema kwa anayezijua mapema. Humchosha yule aliyeahidiwa saa mbili asubuhi.

Ushauri wetu, basi, kwa asiyetaka kuamka alfajiri, ni kuja siku ya nne, ya tano au ya sita baada ya mwezi mpevu, yaani tarehe 18 hadi 20 ya mwezi wa Kiislamu, au tarehe 4 hadi 6 baada ya mwandamo. Siku hizo maji hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mnakunywa chai, mnapakia mizigo bila haraka, na Mkanda mnaupita bado kuna ubaridi. Kila safari kwenye orodha yetu ina tarehe mbili, ya kawaida na ya mwezi, na tunaomba muitazame ya pili kwa makini kama mnavyoitazama ya kwanza.

Mwezi mpevu nao una watu wake. Usiku wa mwezi mpevu Kiwayu, mchanga huonekana mweupe hadi mbali na hakuna anayehitaji taa. Siku za giza zina uzuri mwingine: nyota hujaa hadi chini kabisa, na mara nyingi maji yenyewe hung'aa mtu anapotia mkono au kasia linapoyapiga. Mimi binafsi nachagua giza. Wateja wengi huchagua mbalamwezi, na hatubishani nao.

Upepo

Maji huamua saa. Msimu wa upepo huamua mengine yote, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kufuata likizo za shule peke yake.

Kaskazi huanza kushika mnamo Desemba na huvuma hadi Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalishuka nayo hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakingoja Kusi iwarudishe kwao. Kiwayu iko kaskazini-mashariki ya Lamu. Maana yake ni kwamba wakati wa Kaskazi kwenda ni upepo wa omo na kurudi ni upepo wa tezi. Tukienda kwa tanga peke yake inabidi tupige bisho, mara kulia mara kushoto, na tanga letu la pembe tatu halibadilishwi kwa kuvuta kamba moja. Foromali, boriti inayobeba tanga, lazima ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, mabaharia wote wakifanya kazi hiyo kwa pamoja, huku abiria wakihamia upande wa joshi, unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Ni kazi inayopendeza kuitazama, na wageni wenye nguvu tunawakaribisha washike kamba. Lakini siku nzima ya bisho huchosha, kwa hiyo katika msimu huo tunakwenda kwa njia ya ndani, nyuma ya Pate, tukisaidiwa na injini pale upepo unapokuwa mkaidi, na tunatweka tanga kikamilifu wakati wa kurudi. Kurudi kwa Kaskazi kutoka Kiwayu ni sehemu ya safari ambayo wateja huizungumzia miaka baadaye. Injini imezimwa, tanga limejaa, na kinachosikika ni maji tu ubavuni mwa chombo.

Kusi, inayovuma kutoka kusini, huanza mnamo Aprili pamoja na masika na hudumu hadi Septemba. Mei hunyesha sana na hatuchukui safari za kulala nje. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo huwa na nguvu na bahari ya nje ya miamba huchafuka. Ndani ya visiwa bado kunasafirika, na wanaopenda kasi hupata kasi ya kutosha, ila sasa kurudi ndiko kunakokuwa kwa omo. Ndiyo sababu safari ya Agosti tunaiuza siku tano, ingawa vituo ni vilevile. Hatukuongeza siku ili tupate pesa zaidi. Siku ya tano ni ya Kusi.

Kati ya misimu hiyo miwili kuna tangambili, wakati ambapo upepo haujashika upande mmoja. Hapo chombo hupata upepo wa kwendea na wa kurudia. Oktoba na Novemba, kisha tena Machi, ndizo nyakati tunazozipenda kuliko zote kwa familia zenye watoto na kwa mtu anayepanda mashua kwa mara ya kwanza. Bahari huwa tulivu, maji ni safi ya kuonea matumbawe, na asubuhi umande, upepo mwanana unaotoka bara, huisukuma mashua polepole hadi jua lipande. Ubaya wake ni kwamba siku nyingine upepo hukatika kabisa mchana kukawa shwari. Tunawasha injini, au tunatia nanga watu waoge baharini hadi alasiri.

Siku zenyewe zinavyokwenda

Tuchukue mfano wa safari ya Novemba, tarehe 19 ya mwezi wa Kiislamu. Asubuhi tunapita Mkanda na kutokea Ghuba ya Manda. Hapo mtaona winchi kubwa za bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kupokea meli mwaka 2021. Mashua hukaa mbali na njia ya meli, na nahodha haikati njia hiyo bila kuwa ametazama pande zote, kwa sababu meli kubwa haiwezi kusimama ghafla kwa ajili ya chombo kidogo. Mchana tunafika Manda Toto, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya Manda chenye matumbawe karibu na ufuo. Wageni wengi huwa na haraka ya Kiwayu na hutaka tukipite. Tunawasihi wasikipite. Maji yakiwa yamepwa kiasi, hata asiyejua kuogelea vizuri anaweza kuvaa miwani, kusimama kwenye mchanga na kuona samaki wa kila rangi.

Usiku wa kwanza tunalala karibu na Pate. Siku ya pili ni ya kisiwa hicho, na tunaomba muipe muda. Pate mjini na Siyu zote zina bahari isiyo na kina mbele yake, kwa hiyo saa ya kushuka na saa ya kuondoka hupangwa tena na maji. Ukikawia kwenye magofu, maji hayakungoji. Pate ndiyo iliyokuwa kiti cha watawala wa ukoo wa Wanabahani, na magofu yake yamezungukwa leo na mashamba. Siyu ina ngome inayotazama maji, na watu wake walikataa kuwekwa chini ya Seyyid Said wa Oman na Unguja, wakayashinda majeshi yake katika miaka ya 1840. Mji ambao wengi nje ya visiwa hawajausikia ulimsimamisha mtawala aliyetawala pwani yote kutoka Mogadishu hadi kusini ya Kilwa. Mtembezaji wetu wa Siyu ni mwenyeji wa hapohapo na hulipwa na sisi moja kwa moja. Akikuonyesha seremala au fundi wa ngozi, bei mnapatana wenyewe, hatuchukui kitu.

Mkishuka kwenye miji hii, tafadhali vaeni nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe, na pombe ibaki ilikotoka. Watu wa Pate ni wakarimu sana. Watawakaribisha kahawa na halua kabla hamjauliza njia.

Kutoka Siyu tunapita Faza na Kizingitini, miji ya wavuvi, ambako mpishi wetu hununua kamba na samaki moja kwa moja kutoka kwa waliowavua, kisha tunavuka kuelekea Ndau na Kiwayu. Kipande hiki cha mwisho ndicho chenye mawimbi zaidi, kwa sababu kuna mahali chombo hutoka kwenye kivuli cha Pate na kupokea bahari kuu. Anayejijua kuwa hushikwa na kigegezi ameze dawa yake kabla ya kuondoka, kwa kuwa dawa iliyomezwa baada ya kutapika haisaidii sana. Akae katikati ya chombo, atazame mbali, asishuke kulala chini wala kuinamia simu. Tangawizi tunayo kila safari.

Kiwayu upande mmoja ni bahari kuu na upande wa pili ni maji tulivu yenye mikoko. Kutoka juu ya mgongo wa kisiwa unaona pande zote mbili kwa mara moja. Ni sehemu ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1979, yenye visiwa vidogo vingi vilivyopangana kuelekea mpaka wa Somalia. Kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na nguva, ingawa sasa ni adimu sana, bado wana makazi kwenye nyasi za bahari za eneo hili. Usiku hatuwashi tochi kali ufukweni, kwa sababu mwanga humtisha kasa anayepanda kutaga na huwapoteza watoto wa kasa wanaotafuta bahari. Kombe na matumbawe havichukuliwi, hata kipande kimoja kilichokwisha kufa. Jambo hili hatulegezi kwa mteja yeyote, hata aliyelipia chombo kizima.

Plastiki nayo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa, vikombe na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja haviruhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi, fukwe zake zikiwemo. Njoo na chupa yako ya kujaza tena. Maji safi ya kunywa tunayabeba kwenye madumu, ya kutosha siku zote na ziada ya siku moja. Lamu ndiko ilikojengwa Flipflopi, jahazi la taka za plastiki na malapa yaliyookotwa ufukweni, lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Taka bado zinaletwa na bahari kila siku. Haifai nasi tukaziongeze.

Siku ya nne, upepo ukiwa mzuri, tunarudi. Maji yakiruhusu tunaingia Takwa, kwenye mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko upande wa kusini wa Manda. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na kaburi lake la nguzo lina tarehe ya mwanzoni mwa miaka ya 1680. Msikiti wake una nguzo juu ya kibla, jambo ambalo hutaliona kila mahali. Maji yasiporuhusu, tunaiacha. Mteja anayeitaka Takwa kwa lazima atuambie tangu mwanzo, tumpangie siku ya kwanza au tumpeleke kwa safari ya nusu siku kutoka Shela.

Chombo na kulala

Mashua yetu ilijengwa kwa mbao za mbambakofi na mafundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa hikihiki cha Lamu. Mlingoti mmoja, tanga moja, injini ya nje kwa dharura na shwari. Hupandishwa pwani kwa zamu ikakalafatiwa upya, yaani kuzibwa nyufa, kwa pamba na mafuta, na siku hizo haichukui safari hata mteja akiongeza pesa. Wanaolala ndani hawazidi wanane. Mnalala juu, kwenye magodoro, kila mtu na chandarua chake, chini ya turubai linalofunguliwa usiku kama hakuna mvua. Anayependelea mchanga tunamwekea hema ufukweni Kiwayu, au tunamtafutia chumba kwa wenyeji.

Choo ni swali ambalo watu huona haya kuliuliza, basi tulijibu wenyewe. Kipo, tezi, kimezungushiwa pazia, na ni kidogo. Mahali pengi tunaposhuka nchi kavu kuna choo cha kawaida. Maji ya kuogea ya chumvi hayana mpaka. Ya kisima ni ndoo moja kwa mtu kwa siku. Umeme upo wa kuchajia simu kutoka kwenye betri ya jua, lakini mtandao huanza kukatika ukipita Faza. Waambie watu wa nyumbani mapema wasipate wasiwasi.

Chakula kinapikwa chomboni kwa makaa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kaa, mbaazi, mahamri asubuhi. Asiyekula vitu vya baharini atuambie. Mwezi wa Ramadhani hatufanyi safari za kulala. Wiki ya Maulidi vyombo vyote Lamu huwa na kazi, kwa hiyo agiza mapema sana.

Usalama

Kila mtu hupewa jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, na watoto wana ya kwao. Tunapovuka mahali penye mawimbi, jaketi huvaliwa, hata na bingwa wa kuogelea. Nahodha ana leseni, chombo kina cheti cha ukaguzi, na unaweza kuomba kuviona kabla ya kupanda. Tunakuhimiza uombe, kwetu na kwa mwingine yeyote utakayemkodi. Hospitali kubwa iko mji wa Lamu, na Faza pia kuna hospitali, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hatuko mbali na tiba.

Kiwayu iko karibu na mpaka, na upande wa bara una msitu wa Boni, ambako kumekuwa na matatizo ya usalama kwa miaka kadhaa. Hatulifichi hili. Kabla ya kila safari ya kaskazini tunazungumza na maafisa wa usalama, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na wenyeji wa Kiwayu. Neno la mmoja wao likiwa "ngojeni," tunangoja. Hapo tunabadilisha safari iwe ya Manda, Pate na Kipungani, kwa siku zilezile, na kama mabadiliko hayo hukuyapenda tunakurudishia pesa yote uliyolipa. Raia wa nchi nyingine wasome pia maonyo ya serikali zao na ya kampuni zao za bima, kwa sababu bima nyingine hazilipi nje ya maeneo fulani.

Malipo na tarehe

Tunatoza chombo kizima, si kwa kichwa. Mkiwa wanne au wanane bei ya mashua, nahodha, mabaharia wawili na mpishi ni moja. Kinachobadilika ni chakula na ada za hifadhi na makumbusho, ambazo huandikwa peke yake mkazione. Sehemu hulipwa mapema kwa M-Pesa au benki, inayobaki hulipwa Lamu kabla ya kupanda.

Tunaomba jambo moja kwa msisitizo: usinunue tiketi ya ndege au basi ya kuondokea siku ileile tunayorudi. Hata maji na upepo vikipangwa vizuri, saa mbili tatu za kuchelewa ni kawaida ya tanga, na abiria mwenye tiketi ya saa nane mchana humfanya nahodha akimbie mahali ambapo angetakiwa kungoja. Usiku wa mwisho lala Shela au mjini, ndege uipande kesho yake Manda, au basi Mokowe. Ikiwa huna usiku huo wa ziada, tupunguzie safari iwe ya siku tatu na tuishie Pate. Tutafurahi zaidi na hiyo kuliko kukukimbiza.

Ukitaka tukupangie, tutumie tarehe mbili au tatu unazoziweza, idadi ya watu, umri wa watoto, nani hajui kuogelea, nani hula nini, na kama kuna mama mjamzito au mtu mwenye maradhi ya moyo. Tutakujibu kwa jedwali: kila tarehe na saa ya maji kujaa Mkanda, upepo unaotarajiwa msimu huo, mahali pa kulala kila usiku, na saa ya kuondoka. Jedwali hilo tunalitazama upya siku tatu kabla, pamoja na utabiri wa hali ya hewa, na likibadilika tunakupigia.

Kwa sasa nafasi zilizo wazi za tangambili ni chache, hasa zile za asubuhi. Za mwezi mpevu bado zipo, kwa wanaoweza kuamka alfajiri.